Treni ya Mbio au Treni ya Hakika?

Jumapili moja baada ya Misa ya pili, wanafunzi wa madarasa ya juu hapa Likasi walituletea ombi. Walikuwa wametayarisha mjadala katika ukumbi wa parokia, nao walitafuta mtu mzima wa kukaa mbele, kushika saa na kutunza amani. Tulikubali upesi, maana tulidhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Tulipoketi tukalisoma swali lililoandikwa ubaoni kwa chaki: "Je, yafaa kujenga reli ya treni za mbio za abiria kati ya miji mikubwa ya nchi yetu, kuanzia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi?" Tulitabasamu. Mjadala ulipokwisha hatukuwa na tabasamu tena, na leo twataka kuwaeleza sababu yake.

Swali lenyewe si ndoto ya watoto. Umoja wa Afrika, katika mpango wake uitwao Agenda 2063, uliopitishwa mwaka 2015, umeweka miongoni mwa kazi zake kubwa mtandao wa treni za mbio utakaounganisha miji mikuu na miji ya biashara ya bara letu zima. Nao wataalamu kwa kawaida huita treni ya mbio ile iendayo kilomita 250 kwa saa au zaidi, juu ya njia mpya iliyojengwa kwa ajili yake. Basi vijana wetu walikuwa wamesoma habari hizo, kisha wakaitazama reli ipitayo katika mji wetu, wakaona kwamba jambo hili lawahusu.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana wa darasa la sita, mrefu, mwenye sauti ya kusikika hata nje ya ukumbi. "Baba mwenyekiti, nanyi wazazi wetu mliopo," alianza, "tangu utoto wetu twaambiwa kwamba polepole ndio mwendo. Nami nawaheshimu waliotuambia. Lakini je, mwajua kwamba zamani mji huu ulikuwa miongoni mwa wale waliotangulia dunia nzima?"

Hapo akatusimulia habari ambayo wengi ukumbini hawakuijua, na sisi wenyewe tuliijua nusu tu. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910. Mwaka 1913 ikafika Kambove, na mwaka 1918 ikafika Bukama kwenye mto Lualaba. Mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela inayokwenda mpaka bandari ya Lobito, katika Angola. Kisha mwaka 1952, wakati mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, njia ya kutoka hapa kwenda Tenke iliwekewa umeme wa volti 25,000, wa aina ileile itumikayo viwandani na majumbani. Wakati huo nchi chache mno zilikuwa zimejaribu jambo hilo. Ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza duniani za namna hiyo.

"Na leo," kijana akaendelea, "treni za mbio zenye sifa duniani zaendeshwa kwa umeme wa volti hizohizo. Reli mpya ya Tanzania nayo ni hivyo hivyo. Wazee wetu walioutumikia umeme huo walikuwa mbele. Kwa nini sisi wajukuu wao tukubali kukaa nyuma?"

Makofi yalikuwa mengi. Akaendelea kutaja mifano. Wajapani walifungua treni yao ya mbio tarehe 1 Oktoba 1964, kati ya Tokyo na Osaka, yenye mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Na sehemu ya fedha, dola milioni 80, waliikopa katika Benki ya Dunia. Moroko ilifungua yake mwezi wa Novemba 2018. Treni hiyo, iitwayo Al Boraq, hukimbia kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Kenitra, na safari ya kutoka Tangier mpaka Casablanca, iliyokuwa ikichukua karibu saa tano, sasa huchukua saa mbili na dakika chache. Ni ya kwanza ya namna hiyo barani Afrika. Nao jirani zetu wa Tanzania, ingawa treni yao ya umeme haifiki mwendo huo, wamefikia kilomita 160 kwa saa: mwezi wa Juni 2024 ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na mwezi wa Julai mwaka uo huo ikafika Dodoma. "Wanyamwezi na Wagogo wapanda treni ya umeme," alimaliza, "nasi tuliotangulia twapanda nini?"

Hatukuficha furaha yetu. Moyoni tulikuwa tumekwisha kumpa ushindi.

Ndipo akasimama binti wa darasa la tano, wa upande wa pili. Hakuwa na karatasi mkononi. Aliomba chaki, akaenda ubaoni, akatufanyia hesabu.

"Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120," alisema. "Treni ikienda kilomita 60 kwa saa, safari ni saa mbili. Tukiiongezea mwendo hata kilomita 120, safari ni saa moja. Tumeokoa saa nzima. Tukiongeza tena hata 240, safari ni nusu saa. Tumeokoa nusu saa tu. Tukifika 300, ni dakika 24. Tumeokoa dakika sita. Kila hatua ya mbele yaokoa muda mchache kuliko ile iliyotangulia. Lakini gharama yake yafanya kinyume, yapanda."

Akaeleza vizuri, tukashangaa ameyapata wapi. Treni iendayo kilomita 300 kwa saa haiwezi kupita katika kona za reli yetu ya zamani; njia yake lazima inyooke, na penye kona, kona hiyo lazima iwe pana sana, ikizunguka kwa kilomita kadhaa. Haiwezi kukutana na barabara ya magari wala ya baiskeli. Kila mahali lazima pawe na daraja. Ikitaka kusimama, huhitaji zaidi ya kilomita tatu. Kwa hiyo haipendi vituo vya karibu karibu. Upepo nao huipinga: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka kama mara nne, na umeme unaohitajika huzidi kwa kadiri hiyo. "Nasi hapa," akasema, "umeme wa kuwasha taa ya kusomea hukatika katikati ya somo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mama yangu huuza samaki wakavu wa Bukama," alisema. "Vikapu vyake vyanuka. Treni ya mbio itampokea? Na nauli yake itakuwa sawa na faida ya vikapu vingapi? Ndugu yangu aliyetangulia amesema kwamba Wajapani walijenga treni ya mbio. Ni kweli. Lakini mwalimu alituambia sababu: reli yao ya zamani kati ya miji ile ilikuwa imejaa treni hata hapakuwa na nafasi ya kuongeza nyingine. Sisi reli yetu haikujaa treni za abiria. Abiria ndio waliojaa, nao hawaoni treni."

Kisha akanyamaza kidogo, akatazama chini. "Likizo iliyopita nilikwenda kumwona nyanya yangu mgonjwa upande wa Luena. Wakati wa kurudi sikupata treni ya abiria. Nilirudi juu ya behewa la mizigo. Si mimi peke yangu. Humu ukumbini tupo wengi."

Tuliinua macho. Wanafunzi kadhaa walikuwa wameinamisha vichwa. Mama mmoja aliyeketi nyuma alijishika kinywa. Baadaye tuliambiwa kwamba ndiye mama yake, naye alikuwa hajui.

Mwenyekiti wa mjadala hapaswi kusema. Kazi yake ni kushika saa. Lakini hatukuweza kukaa kimya, na yale tuliyowaambia vijana wale twawaambia ninyi pia, wasomaji, kwa kuwa ndiyo sababu ya maandishi haya.

Mwaka 1994 tulikuwa na umri wa miaka 19. Mama alitutuma Luena, kwa mjomba wetu, kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiugua kifua. Tulimpelekea unga na fedha kidogo za dawa. Kwenda tulikwenda ndani ya behewa la abiria, tumebanana, lakini salama. Kurudi hapakuwa na treni, na hapakuwa na mtu wa kutuambia itakuja lini. Siku ya nne tulipanda juu ya behewa la mizigo usiku, pamoja na watu wengine wengi. Karibu nasi aliketi mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa amejifunga kwa kamba kwenye chuma kimoja, akatushauri tufanye vivyo hivyo, nasi kwa kiburi cha ujana tukakataa. Katika kona moja behewa lilitikisika ghafula. Tuliteleza. Tulichoshika ni kitenge cha yule mama, naye akatushika mkono, akatuvuta, asiseme neno. Mtoto wake hata hakuamka.

Tulifika nyumbani weusi kwa vumbi la makaa. Mama alitupa maji ya kuoga, akapika bukari, akauliza, "Mmesafiri vizuri, mwanangu?" Tukajibu, "Vizuri, mama. Ndani ya behewa, karibu na dirisha." Mama akamshukuru Mungu kwa ajili ya dirisha lile. Alikufa bila kujua ukweli. Uongo ule mdogo umetukaa moyoni kuliko mambo mengine makubwa.

Kisha ikaja tarehe 10 Machi 2022. Treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka mahali paitwapo Buyofwe, katika jimbo la Lualaba. Behewa zake nyingine zilitumbukia katika bonde. Watu wapatao 75 walikufa. Haikuwa treni ya abiria. Wote waliokufa juu yake walikuwa wamepanda kama tulivyopanda sisi. Tena haikuwa mara ya kwanza: mwezi wa Aprili 2014, karibu na Kamina, treni ya mizigo ilianguka na zaidi ya watu 50 wakafa. Habari ya Buyofwe ilipotufikia hatukuuliza, kama walivyouliza wengine, "Watu hao walitafuta nini huko juu?" Twajua walichotafuta. Walitaka kufika kwao.

Vijana walisikiliza bila kusogea. Hapo akaomba ruhusa mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango. Ni mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake mpaka akastaafu, na wanafunzi humwita Babu.

"Wanangu," alisema, "wote wawili mmesema kweli, lakini kila mmoja ameshika upande mmoja wa behewa. Mimi nawaulizeni neno moja tu. Abiria ataka nini? Zamani nilipokuwa nikifanya kazi, mke wangu hakuwa na saa ukutani. Alipoisikia treni ya abiria ikija, aliweka maji ya bukari motoni, kwa sababu alijua nitaingia nyumbani maji yakichemka. Treni ile haikuwa na mbio. Lakini ilikuja. Abiria ataka kwanza treni ije. Pili, ataka ije siku iliyosemwa. Tatu, ataka kushuka mzima. Nne, ataka nauli aiweze. Mkimpa hayo manne, ndipo atakapoanza kuulizia mbio."

Akakohoa, akaendelea. "Nami nawaambieni jambo jingine. Ile kampuni ya zamani iliitwa B.C.K. Herufi ya kwanza ilikuwa ya Bas-Congo, na ya mwisho ya Katanga. Jina lenyewe lilikuwa ahadi: reli kutoka Katanga mpaka Congo ya chini. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo kwenye mto Kasai, ikakoma hapo. Mpaka leo, mtu wa Likasi hawezi kwenda Kinshasa kwa reli. Akifika Ilebo lazima atafute chombo cha mtoni. Karibu miaka mia imepita. Basi mtu akiwaletea jina kubwa, msikatae, lakini muulizeni: itakoma wapi?"

Twaomba ndugu wasomaji wayapime maneno ya mzee huyu, maana yagusa mambo ya siku hizi. Tangu mwaka 2023 wakubwa wa dunia wanaizungumza sana njia ya Lobito. Mwezi wa Oktoba mwaka huo nchi yetu, Angola na Zambia zilitia saini mapatano juu yake pamoja na Marekani, Umoja wa Ulaya na mabenki ya Afrika. Mwezi wa Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alifika mwenyewe Lobito. Ni jambo jema. Shaba na kobalti zikisafiri kwa reli, huenda malori yakapungua katika barabara yetu, na kila mtu asafiriye kati ya Lubumbashi na Kolwezi ajua maana yake. Bado twakumbuka mwezi wa Februari 2019, karibu na Tenke, lori la tindikali lilipogongana na magari mengine, na watu wapatao 20 wakafa. Lakini katika habari hizo za Lobito twasikia tani za mawe mara nyingi, na idadi ya viti mara chache sana. Jiwe halina haraka, wala halina mama anayelingoja. Yafaa mtu auulizie na upande wa viti.

Twarudi ukumbini. Yule kijana wa kwanza alipewa nafasi ya kujibu. Tulidhani atakasirika, kwa kuwa ukumbi sasa ulikuwa umemgeukia. Lakini alisimama muda bila kusema, kisha akasema polepole: "Mimi sikujua kwamba dada yetu alipanda behewa la mizigo. Sitaki treni ya mbio ipite juu ya watu kama yeye. Lakini naogopa jambo moja, Baba mwenyekiti. Naogopa kwamba tukiomba kidogo, tutapewa kidogo zaidi ya hicho. Kila mara twaambiwa, kwanza hiki, halafu kile. Na kile hakiji."

Ndugu wasomaji, hofu hiyo si ya kudharauliwa. Sisi wazazi tumezoea kuwafundisha watoto kuridhika, na mara nyingine tumewafundisha kutotumaini. Ni vitu viwili mbalimbali. Watu wa mwaka 1952 waliothubutu kuweka umeme ule hawakusema, "Hiki si cha Katanga." Kwa hiyo hatutaki kumwambia kijana huyo aiache ndoto yake. Twataka kumwonyesha mahali pake pa kuanzia.

Tazameni tena Japani. Kuna jambo ambalo wachache hulijua: reli zao za zamani zina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, upana uleule wa reli yetu ya Katanga. Kwa reli nyembamba kama hiyo walibeba watu wao miaka mingi, kwa saa zilizoandikwa, mpaka ikashindwa kwa wingi wa watu. Ndipo walipojenga mpya, pana, iliyonyooka. Treni ya mbio ilizaliwa na treni ya kawaida iliyofanya kazi yake vizuri. Watumishi wake walikuwa wamekwisha kuzoea kutazama saa. Mafundi wake walikuwa wamekwisha kuzoea kukaza kila parafujo. Abiria wake walikuwa wamekwisha kuzoea kukata tiketi. Vitu hivyo havinunuliwi pamoja na injini.

Tazameni pia jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2017 walifungua reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, na treni yao ya abiria, iendayo hata kilomita 120 kwa saa, yapendwa na watu wengi. Safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa tano au sita. Lakini fedha zake nyingi zilikopwa China, na deni hilo bado lalipwa na wananchi, hata na yule asiyepanda treni. Mwaka 2019 njia ikafika bonde la karibu na Naivasha, nayo ikasimama hapo miaka mingi, mbali na mpaka wa Uganda iliyokusudiwa kuufikia. Hatusemi walikosea. Twasema kwamba anayetaka reli mpya lazima ajue nani ataipanda, nani ataipa mizigo, na nani atalipa.

Kwa hiyo, tulipoombwa kutoa maneno ya mwisho, tulisema hivi. Kwa mji wa Likasi, treni ya kilomita 80 au 100 kwa saa, itokayo kila siku asubuhi kwenda Lubumbashi na kila siku kwenda Kolwezi, yenye mahali pa vikapu vya akina mama, na yenye saa iliyoandikwa ukutani na kutimizwa, ni maendeleo makubwa kuliko treni ya kilomita 300 iliyoandikwa katika karatasi. Kwa njia ya Luena, Bukama na Kamina, treni ya abiria ya hakika, hata mara chache kwa juma, yaweza kuokoa uhai wa watu. Hiyo ndiyo ya kwanza. Lakini wanaotengeneza njia sasa wafikirie wajukuu: penye daraja jipya, lijengwe imara kwa treni iendayo mbio kuliko ya leo, penye kona mbaya, inyooshwe, ardhi ya kando ya reli ihifadhiwe isijengwe. Hivyo siku treni za kawaida zitakapojaa hata zisiweze kuongezwa, yule kijana, ambaye huenda atakuwa injinia mwenye mvi, hatakuta mlango umefungwa.

Kura zilipigwa kwa kuinua mikono. Upande wa binti ulishinda kwa mikono michache. Yule kijana aliinua mkono wake upande wa binti, kisha akasema kwa sauti kwamba ameinua kwa leo tu, na kwamba baada ya miaka 20 ataomba mjadala ufunguliwe upya. Tuliandika maneno hayo katika daftari ya mjadala kama alivyotaka.

Yafaa tuseme neno juu ya wajibu wetu pia, maana ni rahisi kuinyoshea wengine kidole. Nani huiba nyaya za shaba za umeme wa treni usiku, akaziuza kwa kilo? Nani hufungua parafujo za reli kuuza kama chuma chakavu? Nani hununua chuma hicho bila kuuliza kimetoka wapi? Si wageni kutoka mbali. Mara nyingine ni jirani zetu, na fedha zake hula watoto wanaokaa pamoja nasi kanisani. Anayeiba parafujo ya reli hajui ni nani atakayekuwa juu ya behewa usiku ule. Huenda ni dada yake.

Nanyi akina baba na akina mama, likizo yakaribia. Watoto watataka kwenda kwa babu na nyanya. Waulizeni kwa upole watasafirije, na msingojee jibu la haraka tu. Kama hakuna treni ya abiria wala fedha za gari, ni afadhali safari iahirishwe, na barua au simu ipelekwe. Nanyi vijana, msiwaambie mama zenu kwamba mliketi karibu na dirisha kama hamkuketi. Ukweli utawauma, lakini utawapa akina mama neno la kusema mbele ya wakubwa. Kama wazazi wote wa mji huu wangejua watoto wao walisafirije, tusingekaa miaka mingi hivi bila kuuliza habari za treni.

Baada ya watu kutawanyika, tulimwona binti yule nje ya ukumbi, chini ya mwembe, pamoja na mama yake. Hatukusikia waliyosema. Mama alikuwa amemshika mkono kwa nguvu, kama mtu anayemvuta mwenzake asianguke.